Hapa Halali Mtu

Ghorofa ya Nne,
Kilichokuwa Kiwanda cha Brashi,
Brooklyn, New York.
Jumanne, 11 Oktoba 1983.

Shangazi Elmina mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo Kalona. Magoti yanaendeleaje? Mwanao Verlin aliniambia daktari amekukataza kupanda ngazi za ghala, nikacheka peke yangu, maana namjua aliyekatazwa na najua ngazi atazipanda tu. Mahindi mmeshavuna, au mvua imewachelewesha? Na yule ng'ombe mweusi aliyekuwa hakubali kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa wewe, bado yupo?

Mimi mwili hauna tatizo kubwa. Usingizi ndio umenikimbia, na chakula nakila kwa kujilazimisha. Nina jeraha dogo la patasi mkono wa kulia, si kitu. Huku baridi imeanza mapema na mwenye jengo hajawasha tanuri la joto, anasema fundi yuko njiani. Fundi huyo yuko njiani tangu mwezi wa tisa.

Najua nazungukazunguka. Mara tatu nimenyanyua simu nikupigie, mara tatu nikaiweka chini, kwa sababu laini yenu mnaitumia nyumba nne na sitaki jirani ayasikie haya kabla yako. Basi naandika. Shangazi, huenda nikafukuzwa hapa ninapoishi. Mtu anayeweza kunisaidia ni wewe peke yako, na wewe ndiye mtu ambaye sina uso wa kumwomba.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiruka hutanielewa.

Unajua mwenyewe kwa nini nilikuja kuishi kiwandani. Mashine yangu ya kuchapia picha ina uzito wa ng'ombe wawili, na hakuna nyumba ya kawaida mjini humu ambayo sakafu yake ingeibeba. Sakafu hii ilibeba mitambo ya brashi miaka sitini, hata leo nikifagia natoa manyoya ya nguruwe kwenye nyufa za mbao. Mkataba niliotia saini uliandikwa karakana. Hakuna mahali palipoandikwa kulala. Bwana Carmody, mwenye jengo, alijua fika kwamba tunalala, akawa anapokea kodi yake na kutazama pembeni. Ila mkaguzi wa jiji akikukuta na kitanda, unatoka. Kwa hiyo wengi wetu humu tulijifunza kuficha.

Na katika kuficha, Shangazi, mimi nilikuwa bingwa. Wewe uliiona ile winchi ya zamani iliyokuwa ikipandisha marobota ya manyoya. Kitanda changu nilikifunga kwenye minyororo yake, kikawa kinapanda hadi darini, kinajificha katikati ya mabomba kimefunikwa turubai. Dakika moja na nusu, nilikuwa napima kwa saa. Sufuria zilikaa kwenye kabati lililoandikwa SUMU. Barua nilipokelea sanduku la posta, umeme uliandikishwa kwa jina la karakana, na hospitali nilitoa anwani ya chumba nilichohama zamani. Watu wa majengo ya jirani walikuwa wanakuja kunitazama wajifunze, nami nikajiona mjanja kweli.

Mwaka jana serikali ya jimbo ikatoa sheria mpya. Waliokuwa wakiishi kwenye viwanda hivi kuanzia Aprili 1980 hadi Desemba ya mwaka uliofuata wasifukuzwe, na wenye majengo wayatengeneze yafae kuishi watu. Tulishangilia, Shangazi. Aurelio, yule fundi kabati wa ghorofa ya chini, alitoka nje akacheza barabarani na ubao begani. Kisha tukasoma vizuri. Kila mtu anatakiwa athibitishe, mbele ya Bodi iliyoundwa kwa ajili ya viwanda hivi, kwamba miezi ile alikuwa akilala humu.

Miaka sita nimekuwa nikihakikisha kwamba hakuna anayejua nalala hapa. Sasa natakiwa kuhakikisha kwamba kila mtu alijua.

Wenzangu wamepona. Binti wa Aurelio alizaliwa humu humu, na cheti chake cha kuzaliwa kinasema hivyo. Roz, mcheza dansi wa ghorofa ya tatu, ambaye sijawahi kumwona akificha hata kijiko, ana picha akiwa ndani ya beseni la kuogea amevaa kofia ya mwaka mpya, na duka lililoisafisha picha lilipiga mhuri wa tarehe nyuma. Wajumbe wa Bodi waliitazama ile picha, wakatazamana, wakapitisha jina lake. Mimi nimepekua kila droo, kila mfuko wa koti. Sina hata kipande cha karatasi kinachosema Twila Schrock amewahi kufumba macho katika chumba hiki.

Ningeweza kuvumilia hilo, kwani Aurelio na Roz wako tayari kusema wanachokijua. Lakini majirani wanahesabiwa kama watu wenye maslahi yao katika shauri. Halafu wiki iliyopita wakili wa Bwana Carmody akaleta karatasi yake. Ni taarifa ya mkaguzi, ya tarehe 18 Februari 1981.

Tarehe hiyo unaijua. Taarifa inasema hivi, nimeinakili neno kwa neno: "Ghorofa ya nne, karakana ya kuchapia. Hakuna kitanda. Mama mtu mzima, mshika dini, aliyekuwepo, alithibitisha kwamba hapa halali mtu."

Nilipoisoma nilikaa chini palepale kwenye ukumbi wa ofisi yao. Wakili akaniuliza kama nataka maji.

Shangazi, siku ile hatujawahi kuizungumzia. Barua zako tangu wakati huo zimekuwa za mistari sita au saba, hali ya hewa na salamu, nami nimejibu hivyo hivyo, tukajifanya mambo ni sawa. Leo naomba niizungumze, hata kama inakuumiza, kwa sababu mimi inaniumiza kila siku.

Ulikuja kwa basi siku mbili kutoka Iowa kuona maonyesho yangu, na chupa nne za jemu ya tofaa umezifunga ndani ya soksi. Ulilala kitandani pangu, mimi nikalala sakafuni, na siku ya tatu asubuhi ulikuwa unapika supu ya kuku na tambi. Ndipo bomba la joto likagongwa mara tatu. Ilikuwa ishara ya Aurelio. Hukuielewa, na mimi sikuwa nimekueleza, kwa sababu niliona aibu. Nikakimbia kwenye winchi. Nikaizima supu nikaifungia kwenye kabati la SUMU. Shuka zako nikazikunja, nikazifunika kitambaa, nikakukalisha juu yake kama kwenye kiti. Hatua za mkaguzi nilishazisikia ngazini. Ndipo nikakwambia, nakumbuka maneno yangu yote: "Shangazi, akikuuliza, sema hapa halali mtu. Tafadhali. Nitapoteza kila kitu."

Hukupewa hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Akaingia yule baba na daftari lake, akatazama mashine, akatazama juu, mwisho akakuona wewe umekaa na kofia yako nyeupe ya sala na sindano zako za kufuma. "Mama," akasema, "hapa analala mtu?" Ulinitazama kwanza. Kisha ukamtazama yeye, ukamjibu kwa sauti yako ya kawaida, ile ya kuwafundisha watoto kanisani. "Hapana. Hapa halali mtu." Akavua kofia. "Basi, mama. Nikikuuliza mara ya pili nitakuwa sina adabu." Akaandika, akaondoka.

Aurelio alipanda mbio na mkate mkononi, anacheka hadi machozi. "Mama, wewe ni kiboko! Sura ya malaika, mdomo wa wakili! Hamia hapa, kodi tutakulipia sisi!" Roz naye akaja, wakakupigia makofi. Na mimi nilicheka, Shangazi. Hiyo ndiyo sehemu ninayoirudia kila ninapoacha kufanya kazi. Kukuomba nilikuomba kwa hofu, lakini kucheka nilicheka kwa raha.

Wewe hukucheka. Walipoondoka uliniuliza, "Kila akija mnasema hivyo?" Nikasema ndiyo. Ukauliza, "Hata wewe?" Nikasema hata mimi. Ukaendelea kuosha kikombe. Kesho yake ukapanda basi, siku mbili kabla ya tarehe uliyopanga, ukasema ng'ombe wanakuhitaji.

Nimekua nikijua kwamba katika kanisa letu mtu haapi, hata mbele ya hakimu, kwa sababu ndiyo yake ni ndiyo na hapana yake ni hapana. Babu alikataa kuapa akapoteza shamba la mtoni, na hakuna aliyemlaumu. Nilikufanya uitoe hapana yako bure, kwa ajili ya kitanda changu.

Shauri langu linasikilizwa Alhamisi tarehe 27. Nikishindwa, nina siku thelathini za kuhama. Mimi naweza kuhamia popote, hata kwa rafiki, kona moja inanitosha. Mashine haiwezi. Ikitoka humu itauzwa kama chuma chakavu, na kazi yangu itaishia hapo, nikiwa na miaka thelathini na tisa na sijui kufanya kitu kingine. Jana nilichapa nakala kumi na mbili za picha moja na zote nikaziharibu, wino umezidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nusura nilifanye. Nakwambia ili ujue mtu anayekuandikia ni nani.

Roz alinisaidia kuandika maelezo ya wewe kutia saini. Yalisema ulikuja Februari ile, ukaniona naishi na kulala hapa, na kwamba asubuhi ya tarehe 18 ulikuwa umetoka kwenda sokoni, hukuzungumza na mkaguzi yeyote. Mama aliyeandikwa na mkaguzi angekuwa mtu mwingine. Nikamwambia Roz shangazi hatasaini uongo.

"Wewe mlokole," akasema, "si ulisema alishaongopa?"

"Mara moja. Kwa ajili yangu."

"Basi wa pili utakuwa mwepesi. Twila, ukimleta aseme kweli tupu, wakili atamuuliza swali moja tu: mama, ulidanganya siku ile au unadanganya leo? Umekwisha. Karatasi moja tu hii, itume."

Roz si mtu mbaya, alikuwa ananitetea kwa njia anayoijua. Na mimi niliikunja ile karatasi, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika jina lako juu. Nililala vizuri siku hiyo, ya kwanza kwa majuma mawili. Nakiri hilo pia.

Kisha Jumapili Verlin akanipigia. Alitaka tu kuniuliza kama huku kuna duka linalouza vipuri vya trekta lake la zamani. Tukaongea, tukataniana, halafu akasema, "Twila, Mama ana nini? Tangu arudi kutoka kwako mwaka ule hajashiriki Meza ya Bwana. Siku ikifika anakaa kiti cha nyuma kabisa. Mchungaji kamuuliza, kamjibu ana jambo hajalimaliza. Hata ile ibada ya kuoshana miguu, hataki kuoshwa na wenzake."

Nikahesabu. Meza ni mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya vuli, tangu mwaka huo. Mara tano, Shangazi. Na ya sita ni mwisho wa mwezi huu.

"Kulitokea nini huko?" akauliza Verlin.

Nikasema sijui. Hata hapo nilidanganya. Yamekuwa mazoea kiasi kwamba uongo unanitoka kabla sijafikiri.

Nilipoweka simu chini nililia hadi Roz akapanda kuuliza nani amekufa. Nikamwambia. Nikaitoa ile karatasi kwenye bahasha nikaichana mbele yake. Alikaa sakafuni, akashika kichwa. "Utalala wapi, Twila?" akasema. "Mimi sikutanii. Mwezi ujao kuna theluji. Utalala wapi?" Nikasema sijui, na hiyo ilikuwa kweli. Kisha akashuka kwake, akarudi na karatasi nyeupe na stempu mbili. "Weka na hizi, mama wa watu asihangaike kwenda posta."

Kwa hiyo ndani ya bahasha hii utakuta karatasi tupu. Sijaandika neno juu yake. Ukitaka kuniandikia ushahidi, andika ulichokiona chote: kitanda, winchi, supu kwenye kabati, hatua ngazini, na maneno niliyokutilia mdomoni. Andika kwamba nilikuomba. Usinipunguzie hata kidogo. Karani wa Bodi ameniambia sheria inakubali mtu kuthibitisha bila kuapa, kwa hiyo hilo lisikusumbue. Lakini sitakuficha hatari yake. Roz hakukosea kuhusu swali la wakili. Huenda wakaisoma karatasi yako, wakasema shahidi aliyedanganya mara moja hafai, na nikafukuzwa vilevile.

Ukiona huwezi kuandika, usiandike. Uandike usiandike, Alhamisi hiyo nitasimama na kuwaambia ilivyokuwa, na kwamba uongo ulioko kwenye taarifa ile ulitungwa na mimi. Nimejaribu kuyasema kwa sauti mbele ya dirisha, sauti inakatika kila nikifika kwenye jina lako. Nitaendelea kujaribu. Verlin naye nimemwandikia leo, nikamweleza yote, maana sikutaka akuulize wewe jambo ambalo nilipaswa kulijibu mimi.

Picha ya maonyesho yale, ile ya mto na miti ya Kalona uliyoipenda, nimekuwekea nakala moja safi kabisa. Nitaituma kwa kifurushi mambo yakitulia. Jemu yako iliisha zamani, chupa natunzia wino.

Nisalimie Verlin na Marietta mkewe, na mapacha wao ambao nasikia sasa wanatambaa hadi kwenye banda la kuku. Nisalimie mjomba Orie, mwambie barua yake niliipata na miwani yake haikusahauliwa huku, aitafute nyumbani. Nisalimie dada wa kikundi cha kushona, hasa mzee Fannie, kama bado ananikumbuka. Ukipita makaburini, niwekee ua kwa mama na baba.

Na sasa ninalokuomba kweli, ambalo halihitaji karatasi wala stempu. Mwisho wa mwezi, siku ya Meza, ondoka kile kiti cha nyuma. Kaa mahali pako, waache wakuoshe miguu. Ukimwona mchungaji anasita, mpe barua hii aisome, yote, hata pale niliposema nilicheka. Nisamehe kwa kukuomba, na nisamehe zaidi kwa kucheka. Nyumba nikifukuzwa nitatafuta nyingine, au nitakosa. Shangazi sina mwingine.

Mungu wa amani akutunze, ayape nguvu magoti yako, na akujaalie majira ya baridi mepesi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukuwaza kila siku,

Twila